Leonce na Nywele za Morani wa Malambo

Wapendwa waombolezaji, familia imenipa mimi Brigita kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, Leonce Filbert Tluway, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo wazee jana waliniomba niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Rhotia, mtoto wa nne wa mzee Filbert na mama Ester, akasoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia 1979 hadi 1985, na mwaka 1988 akaajiriwa shamba la kahawa, ambako alianza kuwanyoa vibarua wenzake wa Singida na Dodoma kwa mkasi, kila Jumapili baada ya ibada.

Mwaka 1996 alifungua saluni Karatu mjini, akajifunza kila kichwa na taratibu zake, watoto wa Kiislamu wanaonyolewa siku ya saba, wafiwa wanaonyoa kumaliza matanga, na watalii ambao nywele zao laini zilimtoa jasho. Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na Katarina, wakajaliwa Edna na Lucas.

Agosti 2012 aliingia saluni kijana Lesiamon, morani wa Kimaasai kutoka Malambo, mwenye nywele ndefu za kusukwa, zimepakwa udongo mwekundu, akasema amepata kazi ya ulinzi hotelini na wanataka kichwa kisafi, na Leonce, aliyejivunia kujua desturi za watu wote, akawasha mashine bila kuuliza, asijue kwamba nywele za morani hunyolewa na mama yake, siku ya sherehe ya rika, na kwamba mama huisubiri siku hiyo kwa miaka. Zilifagiliwa, zikachomwa pamoja na takataka.

Tangu alipoambiwa hayo na wateja wengine wa Kimaasai, nyumba yake haikutulia. Kati ya 2013 na 2019 alikwenda Malambo mara saba kumwomba radhi mama huyo, na sukari na mablanketi, Lesiamon akimpokea njiani, akichukua mzigo, kisha akirudi kusema mama bado ana hasira. Tulichoka jamani, tulimwambia kijana alikuwa na mdomo wa kusema, naye akajibu tu kwamba mashine ilikuwa mkononi mwake.

Mei 2023 aliugua figo, akatibiwa Karatu na baadaye Arusha, na muda wote huo alikataa kunyolewa mpaka mama yule amsamehe, kinyozi mzima nywele zikamfunika masikio, jambo lililotuudhi na kututia aibu mbele ya wageni, hadi alipofariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Jana Lesiamon alifika msibani, akakiri mbele ya wazee kwamba alimdanganya mama yake kuwa kinyozi alimnyoa kwa nguvu, ndiyo maana hakuthubutu kufikisha salamu hata moja, sukari akiitoa kama zawadi yake mwenyewe, na mama huyo alifariki mwaka 2021. Leonce tunamzika na nywele zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rhotia, na vinyozi wenzake wa Karatu waliofunga saluni leo. Lesiamon tunamshukuru kwa kuja, zaidi ya hapo bado hatujaweza.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, mama yule hakukukataa, hakuambiwa.