Mama Giza Anastaafu, Alhamisi Haistaafu

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata bibi yangu ninayelala naye chumba kimoja. Filamu nyingi nilizozitazama katika ukumbi wetu wa jamii sikuzielewa. Taa zikiwashwa, niliitikia kwa kichwa kama wenzangu, kisha nikarudi nyumbani nikijiuliza nimeona nini. Hata hivyo sikukosa kwenda. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba sifa zinazofuata hazitoki kwa mtaalamu. Zinatoka kwa mwanafunzi wa sekondari anayependa kukaa safu ya nyuma.

Mhudumu wa ukumbi wetu, ambaye sote tunamwita Mama Giza, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Katibu wa kamati aliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Alisema, "Wewe huongei, kwa hiyo maneno yako yote bado yamo." Mwenyekiti naye alinishauri nijikite kwenye usafi na kuwahi kazini, na habari za filamu nizipitie juujuu tu. Nimemsikiliza kwa heshima. Usafi: sakafu inang'aa na vyoo havinuki. Kuwahi: hakuna aliyewahi kufika akakuta mlango umefungwa. Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze habari za filamu.

Aliajiriwa akiwa msichana, kazi yake kufagia, kufungua na kufunga. Ukumbi ulitumika kwa mikutano, harusi na mitihani, lakini siku ya Alhamisi ulikuwa mtupu. Shemeji yake, dereva wa lori, alimletea projekta iliyotupwa na ofisi moja iliyokuwa inahama. Ilikuwa inawaka inapotaka yenyewe. Mama Giza aliipeleka kwa fundi redio, akaitoa, akairudisha tena, mpaka ikatii. Halafu akashona mapazia meusi ya madirisha yote, mazito kama magodoro, na hapo ndipo alipopata jina lake.

Watu walijazana siku ya kwanza wakitegemea ngumi na mateke. Akawaonyesha kivuli cha ngazi kikitembea ukutani kuanzia asubuhi hadi jioni, filamu ya kijana wa mji mwingine asiye na kampuni wala mfadhili. Ukumbi ulizomea mpaka mabati yakaitikia. Mtu mwingine angeona haya akatafuta filamu ya kuwabembeleza. Yeye Alhamisi iliyofuata alileta nyingine, na kwa maelezo ya waliokuwapo, ilikuwa mbaya zaidi.

Utaratibu wake haujabadilika tangu wakati huo. Mtu yeyote wa mtaani akileta filamu aliyoitengeneza mwenyewe, hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka, itaonyeshwa. Haichujwi wala haikatwi. Ikianza haizimwi mpaka iishe. Aliyechoka atoke, mlango uko wazi. Ndivyo tulivyomtazama fundi cherehani wetu akituonyesha mguu wake tu ukikanyaga pedali, bila uso wala nguo, mpaka tukajua kwa mguu peke yake lini ana furaha na lini mteja amemuudhi. Ndivyo mpishi wa shule alivyotuletea kifuniko cha sufuria kubwa kikitetemeka kwa mvuke. Bibi yangu alivumilia kifuniko kile kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti, "Sasa mwanangu, hii sinema itaanza lini?"

"Imeshafika katikati, mama," Mama Giza akamjibu kutoka kwenye projekta.

"Basi niamshe ikianza."

Kifuniko hicho ndicho kilicholeta balaa. Mpishi aliomba kionyeshwe tena, na Alhamisi hiyo mwenyekiti aliingia na wageni wake wa serikali aliotaka waone jinsi ukumbi unavyotumika. Wakasimama mlangoni na tai zao, wakatazama mvuke. Mwenyekiti alitokwa na jasho kuliko sufuria.

"Zima hiyo," alimnong'oneza Mama Giza, lakini mnong'ono wa mwenyekiti husikika nje.

"Imebaki kidogo, mzee. Karibisha wageni wakae."

"Nimesema zima! Hapa bosi ni nani?"

"Bosi wa ukumbi ni wewe," akasema bila kupepesa macho. "Giza ni langu."

Filamu iliendelea mpaka ikaisha. Kesho yake asubuhi projekta haikuwapo mahali pake. Ilikuwa imefungiwa kabatini katika ofisi ya mwenyekiti, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda kumpa pole. Tulikuta viti vyote vimegeuzwa. Badala ya kuutazama ukuta, vilielekea lango kubwa la ukumbi linalofunguka barabarani. Mapazia yalikuwa yameshushwa, taa zimezimwa, na milango yote miwili ya lango imeachwa wazi, hivi kwamba sisi tulikuwa gizani na barabara ilikuwa mbele yetu kwenye jua la jioni, angavu, yenye pembe nne kamili. Mama Giza akasimama mbele.

"Filamu ya leo inaitwa Barabara," akasema. "Ni ya saa moja. Haijahaririwa." Akaenda kukaa.

Mwanzoni tulicheka. Kisha akapita mtu na baiskeli kutoka kushoto. Punde akarudi kutoka kulia akiisukuma, gurudumu limepwaya. Wakapita wasichana wawili wakigombania mwavuli na mvua haipo. Mama mmoja akatua ndoo ya maji katikati kabisa ya lango, akanyoosha vidole kimoja kimoja, akabadilisha mkono, akaenda zake. Hakujua kwamba watu wameshika pumzi kwa ajili yake. Barabara ile naipita kila siku nikienda shule, macho yangu yakiwa kwenye vidole vya miguu. Siku ile ndiyo niliyoiona. Nasisitiza: ile sikuhitaji kuitikia kwa kichwa.

Halafu mwenyekiti akatokea kushoto. Alipoona lango wazi na giza ndani, alisimama.

"Mnaangalia nini nyie?"

"Sogea kidogo, mzee, unaziba!" fundi cherehani akapiga kelele.

"Mwacheni," bibi yangu akasema, akiwa macho kabisa. "Huyu ndiye adui. Sasa inaanza!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyekiti alipotelea kulia kwa hasira, na hapo akagundua kwamba nyumbani kwake ni kushoto. Alipopita tena alipigiwa makofi. Mama Giza peke yake hakucheka. Aliinuka, akaenda hadi langoni, akamwambia taratibu, "Njoo ukae, mwenyekiti. Kiti kipo." Na lazima niandike hili kwa haki: mwenyekiti aliingia, akakaa safu ya mbele, akatazama barabara mpaka saa ikaisha. Jumatatu projekta ilikuwa imerudi mezani.

Sasa nifike pale nilipoombwa nisifike. Kamati imekata shauri kwamba mhudumu mpya atafagia, atafungua na atafunga. Alhamisi ukumbi utawekewa runinga kubwa ya mpira. Inasemekana maonyesho haya yalikuwa mapenzi ya mtu mmoja, na mtu huyo anaondoka. Sina ugomvi na mpira. Lakini mpira una runinga katika kila kibanda cha mtaa huu, na kifuniko cha sufuria kina ukuta mmoja tu duniani, nao ni huu wetu. Tena si kweli kwamba alikuwa mtu mmoja. Fundi cherehani ana filamu ya pili. Mpishi amehamia kwenye mwiko. Bibi yangu ameanza kuazima simu yangu na hataki kuniambia anapiga picha nini. Watu hawa wataonyesha wapi?

Nilimuuliza Mama Giza mwenyewe. Nilitegemea atasikitika. Alikuwa akikunja mapazia, na hakuacha.

"Usiniulize mimi," alisema. "Kuanzia Julai mimi ni mtazamaji. Nitakuja Alhamisi nikae kama wengine, na isiponipendeza nitatoka."

Anakuja, basi. Kamati ijue kwamba anakuja.

Mama Giza, sitakuvika kilemba cha ukoka, maana utakivua na kukitumia kupangusia viti. Nakushukuru kwa niaba ya wote waliozomea kisha wakarudi. Nakushukuru kwa kutuamini na filamu ambazo hatukuziomba. Tunakuombea miguu ipumzike, macho yasichoke, na uishi miaka mingi ya kukaa huku wengine wakikufagilia, ukitazama filamu nyingi mbaya za watu wenye ujasiri.

Jana baada ya vipindi nilikwenda ofisini kwa mwenyekiti. Nilimwamkia, nikamwomba ufunguo wa ukumbi kwa ajili ya Alhamisi. Sauti haikutoka mara ya kwanza, kwa hiyo nilirudia. Alisema mimi ni mtoto. Nilimjibu kwamba fundi cherehani si mtoto, naye yuko mlangoni. Alichungulia, akamwona, akasema atafikiria. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa na fundi cherehani kwenye benchi iliyo nje ya ofisi. Yeye akatoa shati lililohitaji vifungo, mimi nikafungua kitabu, tukaanza kumsubiri afikirie.