Mwizi wa Ndege Atashukia Wapi?

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na kila alasiri hukaliwa na watu wasiokubaliana hata iwapo mvua inanyesha au la. Siku hiyo Mzee Soli, fundi viatu, alikuwa ameshika kahawa mkono mmoja na simu mkono mwingine. Binti yake kajifungua mtoto wa kwanza ng'ambo, na kamkatia baba tiketi ya ndege ya kesho. Lakini tiketi ilisema ndani ya ndege kuna intaneti, na Mzee Soli alishaandika ujumbe, ila hajautuma: "Mwanangu, siji." Alikuwa anaogopa mwizi asije akaiteka ndege kwa intaneti hiyo, na hakuona aibu kusema.

Profesa, kinyozi aliyeacha shule mapema ili isimcheleweshe, alimuunga mkono.

— Hapa Antena akipakua sinema, muziki wangu unakata. Huko juu abiria akipakua sinema, si injini itakata?

Antena, fundi simu, aliguna.

— Hiyo ndogo. Mtu anakaa kiti cha nyuma kabisa na simu yake. Anaingia mtandao wa abiria, anatokea kwa rubani. Rubani akikata kulia, ndege inakwenda kushoto.

— Anaweza kuizima?

— Kuizima? Mzee, anaweza kuirudisha rivasi.

Profesa hakukubali kupitwa. Alisema mwizi wa kisasa hagusi usukani. Anabadilisha tu majina ya miji kwenye kompyuta, na rubani anatua kwa adabu zote katikati ya shamba la watu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali hiyo haikuwa na kazi yoyote hapo, lakini Mzee Soli aliitikia kwa kichwa na kuongeza neno kwenye ujumbe: "Siji kabisa."

Dada mmoja wa ovaroli, aliyekuwa amekanyaga gazeti kwa mguu mmoja peku akisubiri buti lake lishonwe, ndipo akasema kuwa yeye hufunga nyaya za ndege. Mtandao wa abiria na wa rubani, alieleza, ni nyumba mbili zenye ukuta katikati, na wao kazi yao ni kuukagua huo ukuta.

— Ukuta unaparamiwa, Antena alisema.

— Haya, mjomba, huyo mwizi wako kauparamia. Kaiteka ndege, na mwenyewe yumo humohumo, kiti cha nyuma. Sasa yeye atashukia wapi?

Antena alifungua mdomo, akautia kahawa. Profesa alikwenda kufagia nywele alizokwisha kuzifagia. Mzee Soli aliwatazama hawa wataalamu wake wa miaka kumi. Akaufuta ujumbe herufi moja moja kwa kidole chenye gundi, kisha akachukua sindano.

— Vua na hilo la pili, mwanangu, nilishone leo. Kesho sipo, nakwenda kumpakata mjukuu.