Inaba Mitsuyo, Sauti Iliyoufuata Mto

Ndugu, majirani na nyote mliokuja na ubani wenu asubuhi hii ya mvua, mimi ni Chizuru, binti pekee wa marehemu, na familia imenikabidhi kusimulia maisha ya mama kabla hatujamsindikiza kwenye tanuri la kuchomea maiti.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 mjini Sakata, kwenye nyumba iliyo kando ya mto Mogami, akiwa wa tatu kati ya watoto wa mzee Togashi, mkulima wa mpunga, na alisoma shule ya msingi na ya kati hukohuko, ambako theluji ikizidi watoto walibaki ndani, na yeye akamsomea vitabu bibi yake aliyekuwa kipofu, akiigiza kila mtu kwa sauti yake, mpaka bibi akawa anamwita kwa majina ya watu wa vitabuni.

Mwaka 1970 alihamia Tokyo, mchana akiuza mboga za chumvi dukani na jioni akiigiza kwenye kikundi kidogo cha michezo ya jukwaani, na hapo ndipo alipokutana na baba yangu, Inaba Seiichi, fundi wa taa za jukwaani, wakafunga ndoa tarehe 20 Mei 1979, na mimi nikazaliwa Juni 1981.

Aprili 1984 ilianza katuni ya Mto Uliohama, ambayo nyote mnaijua, habari za kijana Asahiko, ambaye aliamka asubuhi akakuta mto wa kijiji chao umeinuka na kuondoka, akaanza kuufuata kwenye mkondo mkavu pamoja na fisi maji mwongo, akiuliza kila nchi kama mto umepita. Sauti ya Asahiko ilikuwa ya mama. Siku ya kujaribiwa alikwenda na mafua, na mwongozaji akamwambia, "Wewe dada, usipone kwanza, nakuomba."

Jumapili jioni katuni ilipokuwa hewani, mimi na mama tulizoea kurudi nyumbani kwa miguu kupitia uchochoro wetu wa Nerima, na dirisha la kila nyumba lilikuwa wazi, harufu ya wali na samaki wa kuchoma ikitoka, na katika kila nyumba mama alikuwa anazungumza. Sentensi aliyoianza kwa akina Yasuoka aliimalizia kwa muuza tofu ya soya. Mama mwenyewe alitembea kimya kando yangu, amenishika mkono, na mimi nilidhani mama za watu wote wako hivyo, wamo nyumbani mwa kila mtu.

Watoto wa wakati ule walikua, wakaoa na kuolewa, wakakaa na watoto wao mbele ya televisheni ileile ya Jumapili, na Asahiko alikuwa bado ana miaka kumi na moja, bado anauliza njia. Mtu aliyefukuzwa kazi, au aliyefiwa, aliweza kuwasha na kumkuta bado anatembea. Muuza samaki wa sokoni kwetu, mtu mzima mwenye mvi, alimsikia mama akiagiza bangala, kisu kikamtoka mkononi.

"Asahiko! Ni wewe! Mto umeuona?"

"Bado, kaka," mama akamjibu kwa sauti ileile. "Nifungie samaki kwanza, nina safari."

Baba alifariki mwaka 2009, na mama akaendelea na kazi. Masika ya mwaka 2015 madaktari walikuta uvimbe kooni, wakasema upasuaji utamwokoa lakini sauti haitabaki. Mwalimu Kuramochi, mtunzi na mchoraji wa hadithi hii, alikuja nyumbani na boksi la keki, akakaa bila kuligusa, kisha akasema, "Bi Mitsuyo, mwisho ninao kichwani. Nitakusimulia, turekodi maneno ya mwisho sasa hivi, tuyaweke. Siku ikifika, iwe sauti yako."

Mama alimmiminia chai.

"Sitaki, Mwalimu," alisema. "Asahiko hajui mto uko wapi. Nikijua mimi, watoto watasikia kwamba najua."

Alimchagua msichana mmoja wa kushika nafasi yake, Hoshina Natsuki, na baada ya upasuaji alikuwa akienda naye studioni, akisimama nyuma yake na kumwekea kiganja mgongoni, akimbonyeza pale Asahiko anapovuta pumzi. Jumapili ya kwanza ya Natsuki tulitazama pamoja, midomo ya mama ikicheza bila sauti, na ilipokwisha aliniandikia kwa kidole kwenye kiganja, "Anapumua vizuri," akalia, kisha akadai barafu ya embe.

Mwaka huu moyo ulichoka, akalazwa mwezi Oktoba, na Mwalimu Kuramochi akaja tena, akiwa na mkongojo. Mama aligonga sikio lake kwa kidole, akamwonyesha kiti. Nilitoka, nikabaki nyuma ya kioo cha mlango. Mzee alimwinamia, akamsimulia mchana mzima, mikono yake ikichora milima hewani, na mahali fulani mama aliziba mdomo, mabega yakamtikisika kwa kicheko, na mahali pengine alifumba macho, akashika mkono wa koti lake asiuachie. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Novemba 2024. Mwalimu yupo nasi hapa, mstari wa pili, na ninawaomba sana msimuulize.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa uchochoroni, wenzake wa studio, na wewe Natsuki, ambaye Jumapili hii una kazi, uende ukaifanye.

Mama, tua mzigo, ulale unono.