Mémoire ya Micheline Iko Chumba cha Pili

Mbele ya sekretaria ya Akonkwa, kibanda chake cha kuchapia, pale Katoyi, kuna ubao uliolazwa juu ya mawe mawili ya lava. Hapo tunanywa kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo hakuna aliyekaa akatulia. Akonkwa, anayewachapia wanafunzi kazi zao, alikuwa ameweka kwenye kompyuta mfumo mpya usiotaka souris, ile kipanya ya mkononi: kila kitu ni vidole juu ya vitufe, na skrini imegawanyika vyumba vyenye namba. Aliisukuma mémoire ya Micheline, kazi yake ya kumaliza chuo, chumba cha pili apate nafasi. Sasa hawezi kuifuata, na Micheline anaitetea mchana huu.

— Ulifinya nini? akauliza Carlos, tunayemwita Antene kwa kuwa daima anainua simu juu akitafuta réseau.

— Kwa kuituma, nilifinya kontroli, majuscule, ile ya herufi kubwa, na mbili. Ikaenda mbio! Kwa kuifuata, kontroli na mbili. Kimya.

— Zima, washa.

— Nizime? Siyaienregistrer, itapotea yote!

— Basi imeshika réseau ya Gisenyi, inchi ya jirani. Kazi imevuka mpaka.

— Bila internet, Antene?

— Imevuka na miguu, kama batu bote.

Akonkwa hakucheka. Goti lake lilikuwa likitikisa ubao mzima.

— Mi nawaza ni clavier, hii kibodi. Yetu ni ya Kifaransa, mbili iko juu ya touche, é iko chini yake. Bila majuscule inatoka é. Pengine kwa réglage ya mfumo niandike é pahali pa mbili.

— Weye! akasema Kambale, muuza maharagi wa Butembo. Ulifukuza souris bila kuiaga, sasa unasingizia clavier.

— Ni moshi ya volkano, Antene akakata. Inaingia kwa mashini. Kule Munigi redio ya shemeji inasemaka yenyewe.

— Redio zote zinasemaka zenyewe, Kambale akajibu.

— Bila pile wala umeme, muzee?

Micheline akatokea, shati jeupe, viatu mkononi kwa ajili ya vumbi.

— Papa Akonkwa, iko tayari?

Tukamweleza, kila mtu na yake: Gisenyi, souris, moshi, clavier. Alisikiliza yote.

— Na ile ya clavier, mulishaijaribu?

Antene akatazama simu. Kambale akakoroga kahawa isiyo na sukari. Akonkwa akaweka kikombe kikiwa kimejaa, akaingia ndani.

Tulisikia akifinya touche moja moja. 

Imprimante ikakohoa, karatasi za mémoire zikaanza kutoka.

Micheline akainama, akavaa viatu.