Eustakia Telesfori, Aliyegawa Hewa ya Watoto Njiti

Baba Padre, wazee wetu, majirani na ndugu mliotoka mbali, wakubwa shikamooni, na poleni nyote. Mimi ni Juvenali, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kwa hiyo nikikwama katikati mnivumilie.

Dada yetu, Mhandisi Eustakia Telesfori, alizaliwa tarehe 14 Februari 1986 hapa Kirushya, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Telesfori na mama yetu Kezia, wakulima wa migomba na maharage. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha sita, na mwaka 2007 akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu uhandisi wa maji mwaka 2011.

Januari 2012 aliajiriwa wilayani Biharamulo, akasimamia mabomba ya vijiji vya Nyamigogo na Nyabusozi, na wananchi walimzoea kwa sababu kila alipofika alianzia bomba la mwisho kabisa, akitaka kujua kama huko nako maji yanatoka. Tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu, mwalimu Fabrice Niragira.

Tarehe 3 Mei 2014 walijaliwa mtoto wa kiume, Desderius, aliyezaliwa njiti wa wiki thelathini na moja, katika kituo ambacho sitakitaja, kilichokuwa na mashine moja ya oksijeni iliyogawiwa watoto wanne kwa mirija, na Desderius alikuwa wa nne. Aliishi siku mbili. Shemeji anasema dada hakulia pale, aliufuata ule mrija kwa kidole kutoka kwenye mashine hadi puani kwa mtoto, kisha akasema, "Fabrice, huku mwisho hewa haifiki. Ni kama Nyabusozi." Kilio kilikuja baadaye, na kwa miezi mingi hakutaka kuongea na mtu.

Mwaka 2015 alirudi chuoni kwa shahada ya uzamili, safari hii akijifunza kuiga kwa kompyuta jinsi hewa na maji vinavyotembea ndani ya bomba, hata bomba ambalo bado halijatengenezwa, ukaona kwenye kioo inapokimbia pakiwa pekundu na inapozubaa pakiwa bluu. Mama alipomuuliza anapaka hewa rangi ya nini, alimjibu, "Natafuta umbo litakalompa mtoto wa nne sawasawa na wa kwanza, mama."

Kifaa chake cha kwanza cha kuwagawia watoto oksijeni sawasawa alikileta wodi ya watoto wachanga Biharamulo Machi 2018, na kilishindwa. Muuguzi wa zamu, Dada Diana, alimrudishia mkononi, akamwambia, "Dada, kompyuta yako haijui kwamba hewa yetu inapitishwa kwenye maji kwanza ili isimkaushe mtoto pua. Tazama, matone yamejaa humu, mtoto atavutaje?" Wengine wangenuna. Yeye alikaa na Diana wodini wiki tatu, akipima matone, akarudi kuanza hesabu upya, na baada ya majaribio mengi, Novemba 2020, kigawanyio chake, kidogo kuliko kiganja, kilipata kibali na kuanza kutumika. Katikati ya kazi hiyo, tarehe 21 Agosti 2019, Mungu aliwajalia binti, Kaneza.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Uvimbe alikuwa ameuona tangu Krismasi, hakusema, kwa kuwa alikuwa anachora kigawanyio cha pili, cha watoto wasiofika kilo moja. Nilimkasirikia, nikamwambia, "Unapima pumzi za watoto wa watu, wa kwako atabaki na nani?" Aliinama tena kwenye michoro yake. Maneno yale yananiuma mpaka leo, na kwa kuwa sikuwahi kumwomba msamaha akiwa hai, namwomba mbele yenu.

Alifanyiwa upasuaji Mwanza, akapata matibabu na nafuu ya mwaka mmoja, lakini Februari mwaka huu ugonjwa ulirudi ukiwa umeshika mapafu. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mama, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Ameacha mume, binti wa miaka mitano, mama, ndugu watano, na michoro ya kile kigawanyio cha pili, ambayo haikukamilika.

Tunawashukuru madaktari wa Mwanza, wauguzi wa Biharamulo, na kwa namna ya pekee Dada Diana, aliyemwogesha siku zake za mwisho, wafanyakazi wenzake wa maji, na majirani wa Kirushya mliochimba, mkaleta ndizi na kuni, na hamjamwacha mama peke yake tangu Jumatatu.

Asubuhi hii wamefika pia akina mama kumi na mmoja kutoka Nyabusozi na Nyamigogo, wamekaa pale kwenye majani na watoto wao waliopumulia kigawanyio chake, na hatukuwapa taarifa kwa sababu hatukuwafahamu. Karibuni sana, mko kwenu.

Eustakia, dada yangu, umechoka, lala kwa utulivu. Wageni wako tutawapokea sisi.