Udongo wa Kufika Goti

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya maharage, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Verediane, muuza sambaza, wale visamaki wa ziwani, wa mtaa wa Mbugangari. Tulimzika Jumanne iliyopita. Na kabla hamjakunja nyuso, nawaambia mapema: marehemu alikuwa mfugaji wa funza.

Ndiyo, funza. Mwenye tonge mdomoni alimeze kwanza.

Verediane alirudi kutoka ukimbizini Masisi mwaka wa tisini na nne, yeye na mdogo wake Xavérine, na godoro moja walilolibeba kwa zamu. Wakapewa kiwanja Mbugangari. Kiwanja chenyewe kilikuwa mawe meusi ya volkano, yale ambayo ukiyapiga jembe yanakurudishia jembe. Udongo haukuwapo. Sikilizeni vizuri: udongo haukuwapo kabisa.

Xavérine, ambaye dada yake mkubwa alimwita Yaya, anaikumbuka siku hiyo. "Yaya aliangalia mawe, akaniangalia mi, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Mudogo wangu, hapa hata panya itaomba musaada.'"

Lakini alipomaliza kucheka alitazama pale ambapo mlango ungekaa. Kule Masisi, mama yao alikuwa na mgomba mbele ya mlango. Wageni walikaribishwa chini yake, mtoto akizaliwa alionyeshwa chini yake. Tangu waondoke kule, Verediane alikuwa amelala kwenye mahema kiasi cha kumtosha mtu. Alisema neno ambalo majirani walikuja kulizoea: "Nyumba bila mugomba ni kambi."

Alitaka mgomba mmoja. Mmoja tu, wasikilizaji. Na mgomba, kwa hesabu ya mama yake, unataka udongo wa kufika goti. Wa kufika kifundo cha mguu unatosha lengalenga, mchicha wetu. Mgomba unataka goti.

Goti zima la udongo juu ya mawe, utalitoa wapi?

Mnaijua masika ya ziwani. Sambaza hazikauki. Zinaoza juu ya mikeka, na wauzaji wanazimwaga mtaroni huku wakiitukana mvua. Verediane alianza kuziokota. Akazibeba kwa beseni, akaongeza maganda ya ndizi na machicha ya pombe ya mtama, akavimwaga vyote shimoni kati ya mawe, juu yake majani makavu. Siku chache baadaye shimo likawa linatembea. Alikimbilia maji ya moto awaue wale funza. Kuku wa jirani akamtangulia, akala, akarudi na wenzake.

Basi Verediane akaweka sufuria chini, akatazama. Alitazama masika yote. Akaona kuna nzi mmoja mweusi, mwembamba kama nyigu, asiyeingia nyumbani wala kugusa chakula cha mtu. Funza wake ndio wanaokula uozo kwa pupa. Wakishiba wanatafuta pakavu. Akawaegemezea kipande cha bati kuukuu, wakapanda wenyewe, wakadondokea kwenye beseni upande wa pili.

"Zinajileta zenyewe," alimwambia Xavérine, "sawa watu wa ofisi siku ya mushahara."

Akafuga kuku wake, funza wakawa chakula chao. Kuku wakatoa mayai na mbolea. Shimoni kukabaki chengachenga nyeusi zenye harufu ya msitu baada ya mvua. Huo ndio udongo. Udongo ukaotesha lengalenga, lengalenga zikauzwa kwenye ungo mmoja na sambaza, na mabaki yote yakarudi shimoni. Pale kwake kitu hakikuwa na mahali pa kutupwa.

Majirani hawakupenda. Kiongozi wa nyumba kumi, Donat, mzee wa ufagio, alikuwa akisimama nje ya ua huku ameziba pua.

"Mama Verediane, hii uchafu itaisha lini?"

"Shefu, siku wewe utaacha kula. Leta maganda yako."

"Mi sichangie funza!"

"Bon. Basi leta pua yako pekee, inatosha beseni mbili."

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakichokozana. Na udongo ulipanda. Kufikia mwaka jana, ile kona ya mlangoni ilikuwa karibu na goti. Verediane alikuwa ameshaomba chipukizi la mgomba kwa mtu wa Nyamyumba.

Ndipo kifua kikambana. Akalazwa hospitali, Xavérine akiwa kando ya kitanda. Nyumba ikabaki na kuku tu.

Nanyi mnajua desturi yetu. Mgonjwa hatakiwi kurudi nyumbani akute ua mchafu. Wageni watakaokuja kumpa pole watasema nini? Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, Donat akawakusanya watu. Walikuja kwa moyo, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena, walikuja kwa moyo. Wakachota shimo, wakakwangua kona, wakazoa ule "uchafu" wote kwa makoleo na machela mpaka mawe yakang'aa. Wakaumwaga mtaroni. Usiku ule ikanyesha. Mtaro unashuka ziwani.

Verediane aliporudi, akiegemea bega la mdogo wake, walikuwa wamejipanga mlangoni. Donat amevaa shati safi, ufagio mkononi, anangoja kushukuriwa.

Verediane alitazama kona ya mlangoni. Mawe meusi, yameoshwa na mvua.

"Mumefanya kazi muzuri," alisema taratibu. "Mumefagia mpaka mugomba wangu."

Donat alicheka, akidhani ni utani kama kawaida. Verediane hakucheka. Aliingia ndani, akalala akitazama ukuta.

Xavérine ndiye aliyemfuata Donat uani. "Shefu, ile haikukuwa uchafu. Ile ilikuwa shamba."

"Shamba gani? Ilikuwa inanuka!"

"Na we jasho yako inanuka, tulikutupa ziwani?"

Mzee aliutazama ufagio wake, akaenda zake. Siku nyingi hakupita njia ile.

Ningependa kuwaambia kwamba Verediane aliamka asubuhi akiimba. Hapana. Alikaa wiki nzima kizingitini. Kifua kilikuwa kinamwuma, miguu imevimba. Xavérine alimwambia, "Yaya, acha. Umechoka." Akajibu, "Mi nimechoka. Funza hazichoke." Akainuka, akachukua beseni, akateremka sokoni kuomba sambaza zilizooza.

Alianza upya, kwenye jiwe tupu. Alibeba beseni nusu pale alipozoea kubeba zima, akipumzika kila kona. Siku moja akakuta ndoo ya maganda ya ndizi karibu na ua. Kesho yake, nyingine. Siku ya tatu alimngoja mwenye ndoo.

"Aa, shefu! Pua imepona?"

"Bibi yangu ndiye ananituma," alisema Donat, akimsingizia mke wake huku akitazama kando.

"Mushukuru bibi. Mwambie ndoo inavuja, kesho akutume mapema."

Zaidi ya hapo hawakusemezana kuhusu jambo lile, na ndoo ziliendelea kuja. Lakini kifua hakikungoja. Verediane alifariki nyumbani, alfajiri, kuku wakiwa bado hawajafunguliwa. Chipukizi la mgomba aliloomba lilikuwa limeshafika, liko ndani ya beseni kuukuu kando ya mlango, limefungwa gunia bichi.

Matanga yalipokwisha, ua ulikuwa umejaa maganda, majani na mabaki ya chakula cha waombolezaji. Desturi inataka pafagiliwe. Donat alichukua ufagio. Akafagia mapigo mawili, akasimama.

"Xavérine," aliuliza, "hii niiweke wapi?"

Xavérine alimwonyesha shimo kwa kidevu. Donat akazoa yote kwa mikono, akamwaga shimoni. Kisha akavua kiatu, akatia mguu pale kwenye kona ya mlangoni kupima.

Wasikilizaji wapendwa, redio hii inawapa pole Xavérine, majirani wa Mbugangari, na kina mama wote wa sambaza. Kabla ya kumfagilia mwenzako ua wake, muulize kwanza ule uchafu anaupeleka wapi. Na wewe uliyechoka kama alivyochoka yeye, pumzika, kisha beba beseni nusu. Nusu nayo inahesabika.

Mguu wa Donat ulizama kupita kifundo kidogo. Akamtazama Xavérine.

"Bado goti, shefu," Xavérine akamwambia. "Endelea kuleta."