Chargeur ya Bavon

Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka, Rosine aliketi katikati ya watu wawili wasiojuana, na maneno yao yakawa yanampita mbele ya pua.

Aurélie, aliyekaa dirishani, alitikisa mchezo wake wa mkononi na chaja yake mbele ya mwanamume wa upande wa pili. “Tazama, tonton! Mbio ya magari ikianza tu, inazimika. Kaka yangu Bavon anasema ni mimi niliiharibisha. Miezi mbili hatusemezane, na leo anapanda ndege.”

Noël, fundi wa redio, akatoa betri kubwa mfukoni, akachomeka waya. “Chargeur yako iko ya telefone ndogo. Muchezo ukianza, inaomba courant mingi, umeme haitoshi.”

Magari yakazunguka mara moja, mara mbili. Skrini haikuzima. Hata Rosine aliinama kutazama.

“Alors, hii chargeur ni Bavon mwenyewe alinipa!”

“Bon, umwambie.”

“Atasema nimekuja kugombana.”

“Donc aende akiamini uongo?”

“Aende na kasirani, basi?”

Basi likasimama. Ndege ilikuwa imeanza kunguruma. Aurélie akaruka chini, akakimbia, betri ikining’inia kwenye waya.

“Mama, betri yangu!” akaita Noël.

Rosine, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akajikuta anapaza sauti kumpita Noël: “Mwambie, dada! Mwambie!”